Watu wa Kati ya Hapa na Filipi

Nina nakala ya *Juliasi Kaizari* isiyo na jalada. Niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, na kurasa zake zimeshikiliwa na gundi na dua. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri hiyo ya Shakespeare kwa mara ya kwanza mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Wengi tunaikumbuka kwa yale mauaji na kwa hotuba za msibani. Mimi kilichonikaa kichwani ni ubishi mdogo unaokuja baadaye, usiku, hemani, kati ya Brutus na Cassius.

Wako Sardi, Asia Ndogo. Adui anakuja kupitia Filipi. Cassius anasema tutulie hapa hapa, tumwache adui atembee achoke mwenyewe. Brutus anakataa. Hoja yake ni kwamba watu wanaoishi kati ya hapa na Filipi hawatupendi. Tumewachangisha kwa nguvu, wametoa huku wamenuna. Adui akipita kwao atawaokota njiani mmoja mmoja, na akifika kwetu atakuwa amenenepa. Basi twende sisi tukamkute Filipi.

Brutus anashinda ubishi, wanakwenda, wanakufa. Lakini wale watu wa kati ya hapa na Filipi, ambao chuki yao ndiyo imeamua kila kitu, hawapewi hata mstari mmoja wa kusema. Nimekuwa nikijiuliza miaka mingi: ni akina nani hao? Na kwa nini majeshi mawili makubwa, moja likitoka mashariki na lingine magharibi, yakutane Filipi na si mahali pengine?

Swali la pili jibu lake ni rahisi. Filipi ilikuwa juu ya barabara.

Mwaka 148 KK Warumi walizima uasi wa mwisho wa Makedonia, na muda mfupi baadaye nchi hiyo ikawa jimbo lao. Tatizo likawa namna ya kuifikia. Kutoka Italia unavuka Bahari ya Adriatiki hadi pwani ya nchi tunayoiita leo Albania, halafu mbele yako kuna milima. Wakaamua kupasua. Barabara ikaanza na vichwa viwili pwani, Dyrrachium (Durrës ya leo) na Apollonia, vikaungana, ikapanda milimani, ikapita ziwa Ohrid, ikashuka Edessa na Pella hadi Thesalonike, ikaendelea mashariki kupitia Amfipoli na Filipi hadi mto Hebros. Mwanajiografia Strabo anasema mpaka mto huo ilikuwa maili 535 za Kirumi, yaani karibu kilomita 790, na kwamba ilipimwa yote na kuwekewa nguzo za maili. Baadaye ilifika hadi Byzantium, mji ambao leo ni Istanbul. Jina lake ni Via Egnatia.

Kwa muda mrefu wasomi hawakuwa na uhakika jina hilo limetoka wapi. Jibu lilipatikana miaka ya 1970, pale lilipookotwa jiwe la maili karibu na mto Gallikos, nje kidogo ya Thesalonike. Limeandikwa kwa Kilatini na Kigiriki. Lina namba 260, ambayo ni hesabu ya maili kutoka pwani, na lina jina la gavana: Gnaeus Egnatius, mwana wa Gaius. Ni jina la mheshimiwa, cheo chake na umbali. Basi.

Nilipoisoma habari ya jiwe hilo nilicheka peke yangu. Mimi ni mwandishi wa habari, na uzinduzi wa barabara nimeripoti kiasi cha kutosha. Kuna utepe, kuna mkasi kwenye sinia, kuna ngoma, kuna mgeni rasmi, na mwishoni pazia dogo linavutwa juu ya jiwe lenye jina lake na tarehe. Tunapiga picha jiwe. Tunarudi mjini kuandika stori. Miaka 2,000 na zaidi imepita na ile fomu haijabadilika. Jiwe halisemi nani alivunja kokoto wala shamba la nani lilikatwa katikati.

Na tusidanganyane kuhusu kazi yenyewe. Ilikuwa kazi ya watu wanaojua wanachofanya. Wakichimba, walishindilia mawe makubwa chini na madogo juu, wakainua mgongo wa barabara katikati ili maji yateleze pembeni kwenye mitaro. Sehemu muhimu zilisakafiwa kwa mawe bapa. Nia ilikuwa moja: askari, mzigo wa chakula na barua ya serikali vipite masika na kiangazi. Mfanyabiashara na mkulima waliruhusiwa kupita, lakini haikujengwa kwa ajili yao. Cicero, kwenye hotuba ya mwaka 56 KK, anaiita waziwazi barabara yetu ya kijeshi, na analalamika kwamba gavana wa wakati huo ameiacha mpaka Wathrakia wamepiga kambi kando yake. Yaani kwa Cicero, wenyeji wakionekana barabarani ni wavamizi.

Sasa rudi Filipi, Oktoba mwaka 42 KK. Brutus na Cassius walipiga kambi mbili nje ya mji, moja kaskazini na nyingine kusini, katikati yao ikipita Via Egnatia. Walichagua vizuri. Chakula chao kilitoka kisiwa cha Thasos kikashushwa bandari ya Neapoli, mwendo mfupi nyuma yao. Antony na Octavian walikuwa wametokea Dyrrachium, wametembea na barabara hiyo hiyo nusu ya Balkani, na njaa ilianza kuwauma. Kijeshi Cassius alikuwa sahihi kutaka kusubiri. Lakini Antony akaanza kujenga njia ya siri kupitia kwenye kinamasi upande wa kusini ili awazunguke, na pigano likalipuka. Mapigano yalikuwa mawili, na kati yake zilipita kama wiki tatu. Baada ya la kwanza Cassius alijiua, baada ya la pili Brutus naye akajiua.

Octavian alipobaki bwana wa dunia hiyo, aliwapa askari wastaafu mashamba pale pale Filipi. Mashamba hayakuwa matupu yakiwasubiri. Kila alipopewa askari mtu fulani alinyang'anywa, na huyo naye jina hatuna.

Miaka kama 90 baadaye barabara hiyo ilipitwa na mtu asiye na jeshi. Msomaji wa Biblia atalikumbuka jambo hili hata kama hajawahi kulisikia jina Egnatia. Matendo ya Mitume sura ya 16 na 17 zinamchukua Paulo kutoka Neapoli hadi Filipi, kisha Amfipoli, Apolonia (hii ni nyingine, si ile ya pwani ya Adriatiki) mpaka Thesalonike. Mpangilio huo wa miji si bahati. Ni mpangilio wa vituo vya Via Egnatia. Barua kwa Wafilipi na mbili kwa Wathesalonike, ambazo watu wetu wanazinukuu harusini na misibani, ziliandikiwa watu wa miji miwili ya barabara moja ya kijeshi. Barabara iliyojengwa ili amri za Roma zifike haraka ikafikisha pia habari ambazo Roma haikuziagiza.

Hapo ndipo mtu anaweza kusema, basi, barabara ni barabara, mwishowe inamfaa kila mtu. Ni hoja nzuri, na kwenye majukwaa ya uzinduzi huwa inapigiwa makofi. Ila tungoje kidogo. Twende kaskazini.

Mwaka 6 BK watu wa Dalmatia na Pannonia, maeneo ya Kroatia, Bosnia na jirani zake za leo, waliinuka dhidi ya Roma. Vita vilichukua miaka mitatu, na Suetonius anasema vilikuwa vizito kuliko vita vyote vya kigeni tangu vile vya Karthago. Kiongozi wao mmoja, Bato, alipojisalimisha aliulizwa na Tiberius sababu ya uasi. Mwanahistoria Cassius Dio anasema Bato alijibu kwamba kosa ni la Warumi wenyewe: kulinda kondoo wao walituma mbwamwitu badala ya wachungaji.

Jibu la Roma lilikuwa barabara. Gavana Publius Cornelius Dolabella aliwatoa askari wa legioni ya 7 na ya 11 wakafungua njia kutoka Salona, pwani ya Adriatiki, kuingia ndani kabisa ya milima walikokuwa wamejificha waasi. Mawe yenye majina ya njia hizo yalikuja kugunduliwa yamejengewa ndani ya mnara wa kengele wa kanisa kuu la Split. Waashi wa zamani waliona ni mawe mazuri tu ya kujengea, wakayatumia.

Kule kwenye mto Danube, mpakani mwa Serbia na Romania, mto unapita kwenye korongo la kutisha linaloitwa Milango ya Chuma. Ukuta wa mwamba unashuka moja kwa moja majini. Warumi walichonga njia kwenye mwamba huo, na ilipokuwa finyu walitoboa matundu, wakachomeka magogo na kutandika mbao juu ya maji. Kazi ilianza enzi za Tiberius, na maandishi ya miaka ya 33 na 34 BK yanazitaja legioni zilizohusika. Mwaka 100 Trajan aliikamilisha ili apeleke majeshi Dacia, naye akaacha jiwe lake la uzinduzi mwambani, akijisifu kwamba amekata milima. Lilipojengwa bwawa la umeme karne iliyopita, maji yalipanda. Jiwe lilikatwa likainuliwa juu, linaonekana hadi leo ukipita na boti. Barabara iliachwa izame. Jina la Kaisari limeokolewa, na kazi ya mikono ya askari iko chini ya maji.

Katikati ya yote haya ilipita barabara nyingine kuu ya eneo hili, ambayo wanahistoria wanaiita Via Militaris, yaani njia ya jeshi. Ilikatiza Balkani kwa mshazari: Singidunum (Belgrade), Naissus (Niš), Serdica (Sofia), Philippopolis (Plovdiv), Hadrianopolis (Edirne), hadi Byzantium. Ni zaidi ya kilomita 900. Mwaka 61 Nero aliamuru zijengwe nyumba za wageni na malazi ya maofisa kwenye barabara za kijeshi za Thrakia, na maandishi ya amri hiyo yamepatikana Bulgaria. Tuseme gesti za serikali. Kulikuwa na vituo vya kubadilisha wanyama na vituo vya kulala. Msafiri mmoja Mkristo aliyetoka Bordeaux kwenda Yerusalemu mwaka 333 aliviorodhesha kimoja kimoja: mpaka Konstantinopoli alihesabu maili 2,221, vituo 230 vya kubadilisha wanyama na 112 vya kulala. Ukiisoma orodha yake unaona dola inayofanya kazi kama saa.

Saa hiyo ilikuwa inajazwa na nani? Ng'ombe wa kukokota mikokoteni walitoka kwa nani? Uji wa askari uliosongwa usiku wa manane ulitoka ghala la nani?

Hapa ndipo nilipowapata wale watu wangu wa kati ya hapa na Filipi. Si wale wale wa Brutus, ni wa karne karibu tatu baadaye, lakini ni ndugu zao kwa hali. Kijiji chao kiliitwa Skaptopara, kilikuwa Thrakia, karibu na mji wa Blagoevgrad wa Bulgaria ya leo. Mwaka 238 wanakijiji walimwandikia Kaisari Gordian III barua ya malalamiko, na barua hiyo ilichongwa kwenye jiwe. Maneno yake tunayo.

Wanaeleza kwamba kijiji chao kina bahati mbaya ya kuwa pazuri. Kuna chemchemi za maji moto. Kiko kati ya kambi mbili za jeshi. Na maili mbili hivi kutoka kwao kuna gulio kubwa la kila mwaka, linaloanza Oktoba mosi na kuendelea siku 15. Watu wanaokuja gulioni hawaishii gulioni, wanasogea kijijini. Askari waliotumwa kwingine wanaiacha njia yao na kuja kwao. Wote wanataka kulala, kula na kuhudumiwa, na hawalipi. Hata magavana wa jimbo na maofisa wa Kaisari wanakuja kuoga maji moto. Hao wakubwa, wanasema wanakijiji, tunawapokea kwa sababu hatuna budi. Hawa wengine hatuwawezi.

Zamani kijiji kilistawi na kilikuwa kinalipa kodi bila taabu. Sasa kaya zimepungua, watu wanahama. Waliwahi kwenda kwa magavana, wakapewa amri kwamba wasisumbuliwe. Amri ikafanya kazi kwa muda, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Tukiendelea kubanwa hivi, wanamwambia Kaisari, tutayakimbia makazi ya mababu zetu, na wewe utakosa kodi.

Barua ilifikishwa Roma na mtu wao aliyekuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Kaisari, jina lake Pyrrus. Nani asiyemjua Pyrrus? Ni yule kijana wa kijijini aliyepata kazi mjini, ambaye kila mwenye shida huko nyumbani anapewa namba yake.

Kaisari alijibu kwa Kilatini, kwa sentensi moja ngumu ya kiofisi. Maana yake: jambo hili linapaswa kuamuliwa na gavana wa jimbo, nendeni kwake. Ni gavana wa cheo kile kile ambacho walishakiendea na amri zake zikashindwa. Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa dirisha lake ni lile la kule, akafika kule akarudishwa hapa, ataielewa sentensi hiyo bila kusoma Kilatini.

Hata hivyo waliichonga. Waliandika malalamiko yao na jibu lile kavu pamoja. Kwa nini ulipie fundi achonge jibu lililokukatisha tamaa? Nadhani walilichukulia kama ngao. Askari akitokea tena na kudai kitanda, walau kuna kitu cha kumwonyesha: Kaisari anatujua, jina la kijiji chetu limefika Roma. Kwa mimi ninayesoma leo, hili ndilo jiwe la maili muhimu kuliko yote ya Balkani. Lile la Egnatius linasema barabara ina urefu gani. Hili linasema ina uzito gani, na unabebwa na nani.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Barabara ilipokamilika haikumjua tena aliyeijenga. Miaka ya 440 Wahuni wa Attila waliishambulia Naissus, mji aliozaliwa Constantine, wakaubomoa. Mwaka 449 mwanahistoria Priscus alipita na barabara hiyo akiwa kwenye ujumbe wa Konstantinopoli kwenda kwa Attila. Anasema Serdica ni mwendo wa siku 13 kutoka Konstantinopoli kwa mtu asiye na mzigo. Walipofika Naissus waliukuta mji mtupu, isipokuwa wagonjwa waliobaki kwenye nyumba za ibada. Walitafuta mahali pasafi pa kupiga kambi, mbali kidogo na mto, maana ukingo wote ulijaa mifupa ya waliouawa vitani.

Barabara ya siku 13 kwa barua ya Kaisari ni barabara ya siku 13 kwa adui yake vilevile. Na waliokuwa nyumbani adui alipofika ni wale wale waliokuwa nyumbani askari wa Roma walipofika kudai chakula.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1096 kundi kubwa la wapiganaji wa msalaba lililoongozwa na mhubiri Petro Mtawa lilipita Niš, baadhi yao wakachoma vinu vya kusagia nafaka vya wenyeji, na damu ikamwagika. Waottomani walipotawala, njia hiyo ya mshazari ikawa uti wa mgongo wa safari zao za vita, na mwaka 1521 Suleiman aliiteka Belgrade. Mwaka 2009 Ugiriki ilikamilisha barabara kuu ya kisasa ya kilomita 670 kaskazini mwa nchi, ikaipa jina la zamani: Egnatia. Na Septemba 2015 maelfu ya watu, wengi wao Wasyria, walitembea kwa miguu pembeni mwa lami kuelekea Edirne, ile Hadrianopolis ya zamani, wakitafuta mpaka wa Ulaya, na polisi wakawazuia. Barabara iliyojengwa ili majeshi yafike mipakani sasa ilikuwa na watu wanaokimbia majeshi.

Sitaki nieleweke vibaya. Siandiki kwamba barabara ni mbaya. Mimi mwenyewe nimekulia mahali ambapo mvua ikinyesha siku mbili mgonjwa hafiki hospitali, na siku lami ilipofika tulishangilia kwa haki kabisa. Ninachosema ni kwamba barabara siku zote ina watu wa aina mbili, wanaopita na wanaobaki, na historia imezoea kuandikwa na wanaopita. Cicero alipita. Paulo alipita, Priscus alipita. Shakespeare hata hakupita, lakini kupitia kinywa cha Brutus aligusa jambo la kweli: wanaobaki wanakumbuka walichochukuliwa, na siku moja kumbukumbu hiyo inaamua vita.

Ile nakala yangu ya *Juliasi Kaizari* imebaki imefunguka palepale, kwenye ule ubishi wa hemani. Pembeni nimeandika kwa penseli neno moja: Skaptopara. Siku nikitumwa tena kuripoti utepe na mkasi, nitalipiga picha jiwe kama kawaida, kwa sababu mhariri atalitaka. Halafu nitatembea hadi nyumba ya tatu au ya nne kutoka jukwaani, ambako ngoma inasikika kwa mbali, nipige hodi.